Kabla Hujaja Kuyaona Magofu, Baba

Kambi ya Mkonge, Tanga
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Kamwene. Kamwene na mama, na wote wa hapo Kilolo. Mimi ni mzima wa mwili; habari za moyo nitakueleza mbele. Natumaini kikohozi cha mama kimepungua, na kwamba mahindi ya bondeni hayakuunguzwa na baridi kama mwaka ule. Barua yako nilipewa na karani siku ya posho, nikaisoma nimesimama. Unasema wazee wa kanisa wamekuchagua ufuatane na Mchungaji kwenye mkutano wa Usambara, na mkutano ukiisha utateremka Tanga, ukae nami siku mbili, nikupeleke kwenye yale magofu ya kale ya baharini ambayo nimeyasifu katika kila barua.

Kwanza nina ombi. Najua barua ya kutoka Tanga husomwa na Mwalimu nje ya kanisa, watu wote wakisikiliza. Hii usimpe Mwalimu. Isome mwenyewe, ukiwa na mama tu, na mlango umefungwa. Ukifika mwisho utaona kwa nini.

Umeuliza mtu ajiandae vipi kwa safari ya magofuni. Nitakujibu kama ulivyouliza, kwa sababu nikianza na lile lililo moyoni kalamu itaanguka.

Koti lako la sufu la kanisani liache kwa wenyeji wenu huko Usambara, maana kule kuna baridi kama kwetu. Huku ukilivaa utaiva kama kiazi kwenye majivu. Njoo na shati jepesi, kofia yako ya majani, na ule mwavuli mweusi hata kama hakuna mvua. Kiatu kiwe cha kuvulika upesi. Na maji safi usiyategemee njiani. Nitabeba chupa mbili.

Tutakwenda asubuhi, maji ya bahari yakiwa yametoka. Baba, bahari si kama Ruaha. Mto unakwenda tu, lakini bahari inakwenda na kurudi mara mbili kwa siku, na saa zake zinabadilika kila siku, lazima uulize wenyeji. Njia inapita kando ya mikoko, na maji yakijaa ni matope hadi magotini. Mara ya kwanza sikujua. Nikakwama kule saa nyingi nimeketi kama kuku aliyenyeshewa, na wanawake waliokuwa wakirudi kuchimba kombe wakanicheka mpaka wakatua vikapu vyao.

Ukifika utaona msikiti usio na paa, mti umeota pale walipokuwa wakisimama watu wa kusali, na kuta zote ni za mawe ya baharini, meupe, yenye vitundu vitundu. Nyuma yake ni makaburi mengi, mengine yana nguzo ndefu kuliko mtu. Usiegemee nguzo wala usipande ukuta, hata ukiona pameshikamana. Na kabla ya yote, simama pale mwanzo wa makaburi uwasalimu wenyewe. Nilifundishwa hivyo na Mzee Shomari, ambaye waliozikwa pale ni ukoo wake, na ndiye anayefagia kila Ijumaa. Alisema mgeni huwapigia hodi wafu kwanza, walio hai baadaye. Wewe ni mzee wa kanisa, najua utasita. Lakini salamu si ibada, baba. Hata kwetu mtu hapiti kwenye makaburi ya wazee bila kukohoa kidogo.

Mzee huyu alinipenda. Kila Jumapili nilipomaliza kufua nilikwenda kwake, akanieleza nani kalala wapi. Miguu yake ilipoanza kuvimba akaniambia wageni wakija niwe ninawapitisha mimi. Mimi, manamba wa kukata mkonge, Mhehe asiyejua hata kusoma herufi zao. Nilikuandikia habari hiyo, nawe ukajibu kwamba Mwalimu aliisoma mara mbili na mama akatoa sadaka ya shukrani.

Kanuni ya mwisho ya magofuni ni hii: usiokote kitu. Kigae cha sahani, kipande cha ukuta, jiwe lililolala chini, usiokote. Nakwambia wewe uliyenifundisha tangu utoto kwamba jiwe halina mwenyewe. Kwetu ni kweli. Mwanamke akitaka mafiga anakwenda shambani anachagua matatu, na mwenye shamba anamshukuru kwa kumpunguzia. Nani Kilolo aliwahi kuomba jiwe?

Sasa nisikilize. Huku kambini udongo ni mchanga mtupu. Mimi na mwenzangu wa chumba, Ambakisye wa Uyole kule Mbeya, tulikuwa tukipikia juu ya makopo na vipande vya matofali, sufuria ikipinduka kila siku mbili. Mama aliniambia nikiondoka kwamba nyumba isiyo na mafiga ni kituo cha safari tu. Basi Jumapili moja, mwanzo wa masika, nikaona rundo la mawe nyuma ya ukuta, yameanguka, majani yamekwisha kuyafunika. Nikachagua matatu. Moja lilikuwa limechongwa maua pembeni na mistari ya maandishi. Nililichagua kwa uzuri wake, ili jiko lipendeze. Nikayabeba kwa gunia mchana kweupe, sikumwuliza mtu, kwa kuwa haikunijia kwamba jiwe ni kitu cha kuuliza.

Tulipikia miezi miwili, asubuhi na jioni, kwa kuni za mkoko, ambazo moto wake ni mkali. Mawe yakaanza kupasuka na kubanduka unga mweupe. Siku moja mvua ya upepo ikaingia jikoni ikayapiga, yakafoka, yakatoa moshi, yakavimba na kuanguka kama uji. Ambakisye aliruka nyuma na kusema, “Mawe ya huku yanalia, bwana. La kwetu hata ulipikie mwaka mzima halilii.” Tukacheka sana. Kisha tukaona ule uji ni chokaa, nzuri, nyeupe. Tukaikoroga kwenye debe tukapaka ukuta wa mbele wa chumba chetu, pande zote mbili za mlango. Kambi nzima ikaja kuusifu. Nikakuandikia kwamba mwanao ana chumba cheupe kama nyumba ya misheni.

Wiki ya pili yake Mzee Shomari alikuja kambini kwa fimbo yake. Alisimama mlangoni pangu, mkono ameuweka kwenye ule ukuta ili kupumzisha mguu, akausifu kwanza. Halafu akasema wamepotelewa na jiwe la kichwani la bibi yao mkubwa, mama wa ukoo. Liliangushwa na mti na walikuwa wakisubiri kiangazi walisimamishe. Lina maua na lina jina lake, na hakuna mahali pengine lilipoandikwa jina lile.

“Wewe unatembea sana kule, mwanangu. Hujaliona?”

Nikasema, “Sijaliona, mzee.”

Maneno hayo mawili, baba. Nilijua tangu alipotaja maua. Kuchukua kulikuwa ujinga, ningesema siku ile ningesamehewa hata kwa kucheka. Lakini niliona uso wake, nikaona ukuta, nikaogopa kuacha kuwa yule kijana anayepitisha wageni. Nikasema uongo kwa mtu ambaye mkono wake ulikuwa juu ya jiwe lenyewe.

Na uongo hauli peke yake. Mzee Shomari ana mdogo wake, Abdu, baba mmoja mama mmoja, ambaye kazi yake ni kuchoma chokaa. Kijiji kikauliza: nani ana haja ya jiwe kama si mchoma chokaa? Abdu akaapa. Hakuaminiwa. Ndugu hawa walikuwa wakila sinia moja tangu walipotahiriwa. Sikukuu iliyopita Abdu alikula peke yake kando ya tanuri lake, nami nilipita nikamwona akipiga tonge akitazama bahari. Nikamsalimu. Akaniitikia vizuri.

Aibu yangu kubwa kuliko zote ni kwamba niliendelea kupitisha wageni. Nikifika pale pa pengo nilikuwa nawaambia, “Hapa palikuwa na jiwe lenye maandishi, limeibwa.” Wageni walikuwa wakitikisa kichwa kwa masikitiko, na mimi nikitikisa pamoja nao.

*

Alhamisi

Niliiacha barua hapo Jumapili. Nilikuwa nimekusudia kukuomba ukifika unishike mkono unipeleke, kama desturi yetu, maana mkosaji hajipeleki, hupelekwa na mkubwa wake. Lakini Jumatatu Mzee Shomari alituma mtu. Amesikia baba yangu anakuja, na amesema mgeni wa heshima halali kwenye kambi ya manamba. Utalala kwake, mkewe ameanza kupepeta mchele, na mbuzi amefungwa. Mjumbe akaongeza kwamba Abdu hataitwa kwenye karamu.

Nisingeweza kukuacha ule wali huo bila kujua unakula kwa nani.

Jumanne nilipomaliza mistari yangu ya mkonge sikwenda hata kunawa. Nilimkuta anafagia makaburi ameketi kwenye kigoda, akijisogeza kidogo kidogo kwa sababu ya miguu. Nilimweleza yote nimesimama, mafiga, moto, mvua, ukuta. Hakunikatiza. Aliendelea kushika ufagio, lakini hakufagia tena.

Mwisho aliuliza, “Upande wenye jina uliuelekeza wapi?”

Nikamwambia niliuelekeza nje, kwetu sisi tuliokaa kuota moto, kwa sababu ulikuwa unapendeza.

“Basi mlikula mnamtazama,” akasema. Nami nikaondoka.

Jana jioni, watu wakiwa wanawasha mioto, alikuja kambini na Abdu nyuma yake. Abdu hakunitazama. Alikwaruza ukuta kwa kucha, akausugua ule unga kati ya vidole, akamwambia kaka yake, “Hii ina majivu ya jikoni. Chokaa yangu haina majivu.” Alisema hivyo tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mzee Shomari akavua makubazi mlangoni pangu, akaweka kiganja kwenye ukuta, akasoma dua yao ya wafu. Abdu akainua mikono. Wanakambi walisimama na sufuria zao mikononi, na Ambakisye alikuwa analia. Mimi sikujua pa kusimama katika nyumba yangu mwenyewe.

Walipoondoka walikwenda njia moja, lakini Abdu alitangulia mbali. Kama walikula pamoja sijui. Hakuna aliyesema amenisamehe, na sikuomba, maana nililoharibu si langu kulipunguza kwa maneno. Mzee Shomari alisema tu, “Baba yako na aje. Tutazungumza na mkubwa wako.”

Kwa hiyo safari yako haikuvunjika, baba, bali imegeuka. Usije kama mgeni wa heshima. Njoo kama baba wa mtu aliyekosa. Wewe unajua cha kushika mkononi mtu anapokwenda kuomba radhi kwenye ukoo wa watu; mimi sijui, nimelelewa kwa bahati ya kutowahi kukuhitaji hivyo. Na umwombe Abdu kwanza kabla ya kaka yake. Yeye ndiye aliyekula peke yake. Najua nimeliaibisha jina lako na lile koti la kanisani. Ukiona ni vigumu kumweleza Mchungaji, mwambie ukweli, nami nitakubali akilitaja jina langu madhabahuni.

Mwambie mama asiogope, tunakula vizuri. Sasa tunapikia juu ya vipande vitatu vya reli ya toroli la mkonge, tuliviomba kwa nyapara kwanza. Nisalimie baba mdogo aliyenifundisha kushika panga, shangazi aliyenipa blanketi la safari, na dada yangu Yudita na mume wake. Mwambie Yudita mtoto akizaliwa asimpe jina langu kwa sasa. Mwalimu msalimie, umwambie barua ya safari hii ilikuwa fupi.

Limebaki moja la ziara. Magofu tutakwenda kuyaona asubuhi, maji yakitoka, kama nilivyosema. Lakini kaburi moja haliko kule tena. Liko kambini, chumba cha nne kutoka bombani, pande zote mbili za mlango. Ukifika usiniite wala usinisalimu kwanza. Simama pale nje, uvue kofia, umsalimu yule bibi wa watu. Nitakuwa ndani, nikisubiri umalize.

Mwanao,
Festo