Telefone Yangu Inasikika Hadi Bloku ya Pili

Mama Athanasie wa redio, salamu kutoka kwenye site, kambi yetu sisi tuliokimbia vita. Nakuomba unishauri upesi kabla Ijumaa haijafika, maana nina jambo ambalo likibaki ndani litanipasua na likitoka huenda likatuponza, na sijui nicheke au nijifiche.

Mimi ni Héritière, mke wa Landry, tulikimbia Masisi mabomu yalipofika kwenye vilima vyetu, ng'ombe wakabaki, tukaingia Goma na watoto na sufuria moja, na sasa tunakaa kwenye hema juu ya mawe ya volkano kama wenzetu wote. Mwaka huu walikuja watu wa utafiti wa afya, wakiongozwa na Papa Barthélemy, mtu wa Butembo, kazi yake ni takwimu, mpole sana, anaweza kukueleza kitu tena na tena bila kukunja uso. Walitaka kujua kama mama akipata ujumbe wa sauti kwenye telefone kila asubuhi, kwa Kiswahili chetu, kuhusu kolera, atampeleka mtoto kituoni mapema kuliko mama asiyeupata. Wakaita viongozi wa bloku zote, yaani mafungu ya mahema, wakatia vizibo vya soda kwenye ndoo, vyekundu na vya kijani, kila kiongozi akaingiza mkono bila kuangalia, bloku yetu ikatoa chekundu, maana yake sisi tunapata ujumbe, na bloku ya jirani yangu Sidonie, mama mmoja wa Kalengera, ikatoa cha kijani, maana yake wao wanangoja mpaka utafiti uishe. Sisi wa chekundu tuliahidi, kila mtu kwa kinywa chake, kwamba hatutawasikilizisha wa kijani.

Sasa Mama, kati ya hema langu na la Sidonie kuna njia ambayo hata watu wawili wenye ndoo hawapishani. Asubuhi moja Bénie wa Sidonie akaanza kuharisha, na Sidonie anasema ni meno, anamfunga kitambaa tumboni, na mimi nimetoka tu kusikia ile sauti ikisema choo cheupe kama maji ya mchele si meno, usingoje, mpe maji ya dawa, mkimbize kituoni. Ningefanya nini? Niliweka telefone kwenye sauti kubwa nikainyoosha juu ya njia. Sidonie alisikiliza, akambeba mtoto akaenda, na Bénie yuko hai, juzi aliniibia kipande cha muhogo nikamwacha. Kuanzia hapo sikuweza tena kusikiliza peke yangu, kwetu mtu hanywi maziwa jirani akiwa anaangalia, kwa hiyo kila asubuhi wanawake wa kijani wanakuja na vikombe vyao vya uji, wanasimama upande wao wa njia na mimi nasimama upande wangu, eti hivyo ahadi haijavunjika. Na wale vijana wa mradi wakipita kumuuliza kila mama kama amewahi kuusikia ule ujumbe, wa kijani wanajibu hapana, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia wajibu hapana.

Jumatatu Papa Barthélemy alituita sisi wawakilishi wa akina mama akatufungulia kompyuta yake, na pale kulikuwa na mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa kijani, inapanda pamoja kama ng'ombe wa boma moja. Akasema akina mama wa pande zote wanaleta watoto mapema kuliko mwanzo, na kweli kituo nacho siku hizi kimehamia karibu na bomba letu la maji, kwenda si taabu tena, ila akasema hakuna tofauti kati ya wekundu na wa kijani, kwa hiyo hawezi kusema kwamba ujumbe umesaidia, na Ijumaa atawaandikia wenye mradi, na wao bila shaka watauzima. Alisema kwa huzuni. Wenzangu walishika tama, na mimi, Mama, nilitaka kuruka! Nilijiziba mdomo na kitenge nisipige kelele, kwa sababu nilijua kwa nini mistari inakwenda pamoja, ujumbe umefanya kazi mpaka umevuka njia!

Nilikimbia kumwambia Sidonie nikidhani atacheza nami, kumbe alinivuta ndani ya hema lake. Akaniambia, "Usiseme, Héritière. Batatutosha bote ku mradi, na batasema sisi ba déplacés tuko batu ya bongo." Landry naye yuko upande wake, anasema wakitutoa kwenye mradi kwa uongo wetu, sisi tuliokimbia vita hata msaada mwingine utatupita. Lakini kila siku watu wapya wanaingia kutoka upande wa Sake na watoto mgongoni, hawajui lolote, na ile sauti ikizimwa nani atawaambia? Miguu yangu inataka kukimbia Keshero kwenye ofisi ya Papa Barthélemy sasa hivi, moyo unaikataza. Nimwambie au ninyamaze?

Héritière, mwenye telefone

*

Héritière, kaa chini kwanza, na kitenge kitoe mdomoni. Nimeisoma barua yako hapa redioni, na katikati nilisimama mwenyewe bila kujua, fundi mitambo akaniuliza kama kuna habari ya vita. Nikamwambia hapana, leo kuna habari njema, ila imefungwa vibaya.

Kuhusu Bénie sikugombezi hata kidogo. Ahadi ni ahadi, lakini mtu anayemwona mtoto anakauka akaanza kukumbuka rangi ya kizibo, huyo mimi sitaki awe jirani yangu. Na Papa Barthélemy, kama ni mtu wa namna uliyonieleza, angekuambia hivyo hivyo. Kosa lako la kwanza ni kwamba hukumwambia siku ile ile. Angeandika kwamba njia ile ina masikio, akaendelea na kazi yake.

Kosa la pili ndilo linaloniwasha. Umewafundisha wanawake wazima kumjibu uongo mtu anayewauliza kwa heshima! Unajua ulichomfanyia? Chukua sufuria mbili za sombe, majani yetu ya muhogo. Mpishi anataka kujua kama chumvi inabadilisha kitu, anatia kwenye moja, nyingine anaiacha. Wewe unapita nyuma yake unatia chumvi na kwenye ile ya pili, unafuta vidole kwenye nguo, halafu maskini anaonja zote mbili na kusema chumvi haina kazi. Si mjinga yule mzee. Amehesabu sawasawa alichopewa, na mlichompa ninyi kimeoza. Na huo mchezo wa kusimama kila mtu upande wake wa njia, unamdanganya nani, mama? Njia au mimi?

Sasa nije kwenye furaha yako. Naipenda, imenipanda mimi pia, lakini ishike kidogo. Umeandika kwa kupita tu kwamba kituo kimehamia karibu na bomba lenu. Wewe umepita, mimi nimesimama hapo. Labda watoto wanafika mapema kwa sababu ya ile sauti, labda kwa sababu ya ukaribu, labda vyote viwili. Wewe hujui, na mimi niliye mbele ya mikrofoni sijui. Kwa hiyo usiende kwa Papa Barthélemy kumwambia ujumbe unafanya kazi. Kusema hivyo ni kazi yake. Wewe mwambie kilichotokea: nani alikuwa anasikia, tangu lini, na mahema yapi yako mbali mno kusikia. Ng'ambo ya barabara kubwa lazima kuna bloku nyingine za kijani ambako telefone yako haifiki hata ukipanda juu ya hema. Ataziangalia hizo, na hapo ndipo mstari utazungumza.

Mnaogopa kusemwa. Mtasemwa, ndiyo, na labda mtatolewa, siwezi kuwaahidi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Fikirini na hili, wewe na Landry wako: Ijumaa barua ikiondoka kama ilivyo, itasema kwamba sauti ile haimsaidii mtoto. Itasomwa mbali, na mtu anayepanga msaada kwa ajili ya mahema mengine, ya vita vingine, atafunga kompyuta na kusema basi, hakuna haja. Huko pia kuna mama anayedhani ni meno. Uongo wenu utamkuta huko na hamtajua jina lake.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinijibu kwamba utafikiria. Kesho asubuhi nenda Keshero. Landry akikataza, mwambie avae viatu akusindikize, mwanaume hakatazi akiwa njiani. Anza wewe kusema, kwa kuwa wewe ndiye mwalimu wa ule uongo, na usiwataje wanawake wengine kwa majina. Waombe vijana wa mradi warudi kuwauliza upya, kila mmoja peke yake, na uwaambie wenzako leo hii kwamba sasa kila mtu ajibu lake. Usipunguze, na usiongeze hata tone ili mstari upande. Kama baada ya hapo hesabu itasema sauti haikusaidia, utakubali, hata kama itakuuma. Na kati ya leo na kesho, ukiona mtoto wa kijani anaharisha, sema kwa nguvu zako zote, halafu ukifika kwa Papa Barthélemy umwambie kwamba umesema.

Na wewe Sidonie, najua unasikiliza, mwanangu. Uliogopa, na mwenye mtoto mmoja ndani ya hema ana haki ya kuogopa. Lakini watakuja tena kukuuliza kama uliisikia ile sauti. Mgeuze Bénie mgongoni aangalie anayeuliza, kisha ujibu ndiyo.