Chupa Saba za Mbekenyera

Ijumaa, Novemba. Alasiri. Joto la kungojea mvua. Mawingu yamekaa upande wa Ruangwa tangu asubuhi na hayataki kushuka.

Niko kiwandani peke yangu. Leo ni siku ya tano mtambo haujawashwa. Mabibo tuliyonunua wiki iliyopita yanaozea kwenye ndoo, nzi wamejaa, na sina nguvu hata ya kuyabeba nikayatupe.

Ninaogopa. Naandika hivyo hivyo bila kupamba.

Mnaosoma blogu hii nimewazoesha habari njema. Mliona picha ya Mama na chungu chake cha lita ishirini, alichopikia nipa, pombe kali ya mabibo, tangu sisi hatujaanza shule, akikificha porini kila gari geni lilipoingia kijijini. Mliona siku tulipopata kibali, Mama kakishika juu chini na anatabasamu. Mliona lebo yenye jina lake. Kisha mwezi uliopita mkaona mtambo mpya wa shaba, lita mia mbili, na mimi mbele yake nimetoa meno yote nje kama bibi harusi. Mliandika hongera nyingi. Nilizisoma zote, mara mbili mbili.

Mama ana desturi yake. Nipa ikianza kutona, kikombe cha kwanza hakinywewi. Anakimwaga kizingitini, anataja majina ya wazee wetu waliotangulia, kwa Kimwera, ndipo anaweka chombo cha kukingia. Bibi alifanya hivyo, na mama yake Bibi pia. Mimi nilisoma biashara Mtwara, nikaona hayo ni mambo ya kuwaachia watu wazima wafurahi. Nilipoandika daftari la kazi la mtambo mpya nilizidisha kila kitu mara kumi: juisi, hamira, kuni, maji ya kupozea. Kikombe cha wazee nikakiacha kimoja.

Na Mama aliuliza. Siku ya kwanza ya mtambo alisimama na kikombe chake mkononi, akauliza kama kweli kimoja kinatosha kwa dude kubwa namna ile. Nikamjibu mbele ya watu, "Mama, wazee wetu hawajaongezeka." Watu wakacheka. Naye akacheka, kwa sababu siku ile alikuwa anajivunia mtoto wake.

Jumatatu, hospitalini, daktari alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Pombe ya matunda ikichemshwa, ile inayotangulia kutoka ndiyo mbaya, na chombo kikiwa kikubwa nayo inakuwa nyingi. Kile kikombe ndicho kilichokuwa kinatulinda miaka yote. Bibi zetu ambao hawakujua kusoma walijua la kufanya. Mwenye cheti ndiye ambaye hakujua.

Kuna jingine, na hili ni langu peke yangu. Sampuli ya mtambo mpya ilikuwa imeshapelekwa maabara Dar es Salaam. Nilipaswa kungoja majibu. Sikungoja. Hoteli moja ya Ruangwa ilikuwa inanipigia kila siku, duka moja la Mbekenyera nalo linataka, na mabibo msimu wake ni mfupi. Nikajiambia majibu yatakuja mazuri tu, kama yalivyokuja ya chungu. Nilijaza chupa moja kwa moja kutoka kwenye mrija, ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuchanganya. Kreti ya kwanza kujazwa ikaenda Mbekenyera, ya pili Ruangwa. Aliyezipeleka Jumamosi ni Deo, mdogo wangu, kwa pikipiki yake.

Deo alijibakizia chupa moja, ile ya kwanza kabisa, kabla kreti hazijapangwa. Alisema ni ya bahati. Jumapili baada ya misa akaifungua, akanywa peke yake kivulini akiwa ameweka miguu juu ya kiti, bosi wa usambazaji. Jumatatu asubuhi akaniita nje ya nyumba, akaniuliza mbona leo kuna ukungu.

Hakukuwa na ukungu.

Sasa amelazwa. Anaona pembeni kidogo, katikati hakuna kitu. Akitaka kumtazama Mama inabidi ageuzie uso ukutani. Daktari hasemi macho yatarudi na hasemi hayatarudi. Mama yuko naye tangu siku ile, na hajanilaumu hata kwa neno moja. Ningependa anilaumu.

Bwana afya nilimwambia mwenyewe Jumatatu hiyo hiyo. Alikuja, akaandika, akauzungushia mtambo utepe. Kreti ya Ruangwa niliikuta nzima hotelini, haijafunguliwa. Jumatano nikafika Mbekenyera. Kreti ilikuwa na chupa ishirini na nne, na dukani nikazikuta kumi na saba.

Saba zilikuwa zimeuzwa.

Nilimwomba mwenye duka majina. Akatazama nje kwanza. "Dada, hao nawauzia mlango wa nyuma. Wengine ni watu wa safu ya mbele msikitini. Nikiwataja, mimi nahama hapa." Nilimwambia kuhusu macho ya Deo. Akakaa chini kwenye gunia la ufuta, akajishika kichwa, lakini majina hakutoa. Alichokubali ni kuwapitia mwenyewe kimya kimya. Jioni akanipigia: wote wamekana. Hakuna aliyenunua, hakuna anayejua chupa yoyote.

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Sifa zote nilizoandika humu kwamba pombe yetu inafika mbali, na kumbe inafika kwa watu ambao hawawezi hata kusema wanayo. Chupa iko uvunguni mwa kitanda, au kwenye kihenge cha mahindi, na mwenyewe anangoja mkewe aende shamba.

Basi jana nikajifunga kanga kichwani nikaenda kwa shehe wa Mbekenyera. Mimi, Skola, Mkatoliki, mpika pombe. Nilikaa kwenye kibaraza chake. Nilidhani atanifukuza, na ningemwelewa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sitatangaza pombe. Nitatangaza sumu."

Tukakubaliana hivi. Baada ya swala ya Ijumaa atasema kuna chupa zenye lebo fulani, ndani yake mna sumu ya macho. Aliyenayo akaimwage chooni. Aliyekwisha kunywa aende hospitali leo hii, na asiulize mtu kwa nini. Hakuna wa kurudisha chupa, hakuna wa kujitaja. Mimi ndiye niliyeomba kitu kimoja: mtu akishamwaga, anibipu kwa namba yangu ambayo shehe ataitaja. Mlio mmoja, akate. Nami niliapa mbele ya shehe kwamba sitampigia yeyote.

Tangu saa saba nimekaa hapa na simu mezani. Ya kwanza ililia saa saba na dakika ishirini, ikakatika. Nikachora kijistari kwenye daftari. Ya pili. Ya tatu na ya nne zikafuatana. Ya tano ilichelewa, nikazunguka chumba hiki mpaka nikahesabu matofali ya ukuta. Ya sita. Ya saba ilipokatika nilipiga magoti hapa sakafuni kwenye maganda na matope, nikalia kwa sauti. Nikampigia Mama: "Zote, Mama. Zote saba!" Akapiga kigelegele wodini. Nilimsikia muuguzi akimnyamazisha.

Halafu ikalia ya nane.

Nilidhani kuna aliyebipu mara mbili. Nikalinganisha namba, moja moja, kwa kidole. Hapana. Ikaja ya tisa. Ikaja ya kumi. Sasa ziko kumi na moja, namba kumi na moja tofauti, kwa chupa saba.

Nilimuuliza Deo kupitia simu ya Mama kama alipeleka chupa nyingine ambazo hakuniambia. Alisema hapana, Dada, na namwamini. Hali aliyo nayo haimwachi mtu akadanganya. Labda walinunua kwa kuchanga, watu wawili watatu chupa moja. Labda ni wahuni wanachezea namba. Labda mmoja ana laini mbili, na wasiwasi wake ni mkubwa kama wangu.

Au labda wengine hawakuwa na cha kumwaga. Walishaimaliza, wakaona haya kwenda hospitali, na kubipu ndiyo njia pekee waliyobaki nayo ya kuniambia.

Hili la mwisho haliniachi. Namba ziko mbele yangu, naweza kupiga sasa hivi. Lakini niliapa. Nikipiga akapokea mke, au baba mkwe, nyumba ya mtu imevunjika, shehe ameonekana mwongo, na Mbekenyera nzima hakuna mtu atakayeniamini tena kwa lolote. Nisipopiga, huenda kuna mtu kalala chumbani na pazia limefungwa, anawaambia watoto ni kichwa tu kinamuuma.

Sijui kama kiwanda kitarudi. Leo sijali. Tulianza na chungu kimoja, na kilitutosha, na mimi ndiye niliyetaka kukua. Kama unasoma hapa na unayo chupa yenye jina la mama yangu, usinihurumie, usiniandikie pole. Mwaga. Hata kama unaona umekunywa kidogo tu na hujambo, nenda ukapimwe.

Kesho sijui itakuwa siku ya namna gani. Nitaamkia Mbekenyera, nimwombe shehe anifungulie kiapo. Akikataa nitapita nyumba kwa nyumba kama muuza samaki, nibishe hodi na kutazama macho ya watu.

Simu inalia tena. Nimeshika kalamu, nachora kijistari cha kumi na mbili.

Haikatiki.