Wakala Aliyekuja na Mkokoteni

Idrisa, mjukuu na mume wangu,

Marahaba. Huku Kariakoo hatujambo. Mama yako amepona mafua, na maji ya Jangwani yamepungua.

Unaniuliza kama uwaamini waliotengeneza programu ya seva ya ofisini kwenu. Wanasema hawataihudumia tena kwenye mfumo wenu, kwa kuwa wanaoutumia ni wachache. Kompyuta sizijui, ila maneno hayo nayajua.

Usichanani nilikuwa nashona barazani kwa marehemu shangazi. Akaja wakala, mdomo asali. Vipuri vya cherehani za aina yetu haviletwi tena, akasema, tununue mpya, na zile za zamani atatubebea bure.

Shangazi akamkazia macho. "Kama ni takataka, mbona umekuja na mkokoteni?"

Alinunua mpya, lakini ya zamani akaificha uvunguni. Majirani walitoa zao. Na kweli vipuri havikuletwa tena. Aliyevitaka alivifuata Buguruni kwa wakala yuleyule, aliyekuwa akivichomoa kwenye cherehani alizobeba bure.

Kwa hiyo hama mfumo huo, mume wangu. Wakala yule kuhusu vipuri hakudanganya. Ila wakijitolea kukufutia programu ya zamani, waulize mkokoteni ni wa nini.

Bibi yako