Jumapili Ambazo Uwanja Haukuganda

Tooting, Landani
Jumatatu asubuhi, Januari

Zuberi, ndugu yangu,

Jana uwanja uliganda. Safari hii kweli. Nimeona nikuandikie kabla sijaingia kazini, kwa sababu kuna jambo nalibeba tangu tulipokuzika Februari ya mwaka jana, na sina wa kumwambia ila wewe mwenyewe uliyelifanya.

Unajua tulivyoishi. Wewe Neasden karibu na uwanja, kocha. Mimi huku, kipa mzee na msaidizi wako. Jumapili za baridi ulikuwa unatangulia peke yako alfajiri, unachomeka ufunguo wa gari kwenye nyasi. Ukiingia, tunacheza. Ukigoma, unanipigia mimi kwanza, halafu mimi nawatumia vijana ujumbe kwamba mechi imeahirishwa. Tulikucheka sana. Baraka, yule beki wetu anayeendesha basi, alikuwa akisema, "Jamani, mtu wa Tanga ndiye anampimia mtu wa Makete sakitu!" Maana mimi nimekua nikiamka nakuta shamba la viazi la baba limekuwa jeupe, majani yameungua kwa baridi. Wewe kitu hicho hukukiona mpaka uliposhuka kwenye ndege. Ukamjibu, "Nyamaza wewe. Makete kuna viazi, uwanja uko wapi?"

Na hata mechi ikiahirishwa nilikuwa nakuja. Tunakaa ndani ya gari lako, vioo vimejaa ukungu, chai ya tangawizi na vitumbua vya Shemeji Mwanaidi, na wewe unatangaza mechi ambayo haipo. "Dakika ya kumi, Festo kafungwa tena, anamlaumu beki." Zile ndizo Jumapili nilizozipenda kuliko zote katika mji huu. Sikuwahi kukuambia.

Halafu ikaja ile baridi ya mwisho. Kuanzia Novemba ukawa unaniambia, "Festo, usije. Uwanja jiwe." Wiki nyingine, "Usihangaike na treni, rudi kulala." Siku moja nilichungulia dirishani, nikaona manyunyu tu na paka wa jirani amelala juu ya majani mabichi. Nikakuuliza, "Mbona huku mvua?" Ukasema, "Sisi tuko bondeni, baridi inatuama huku." Sauti yako ilikuwa nzito, ukasema ni usingizi. Nikaamini. Mtu wa Makete nikaamini habari za sakitu kutoka kwa mtu wa Tanga, kwa sababu aliyesema ni wewe.

Shemeji aliponipigia Februari, sikujua hata kwamba ulikuwa umelazwa. Alisema, "Festo, Zuberi hatunaye," nami nikamuuliza, "Ameenda wapi?"

Kwenye matanga alikuja Papa Didi. Ndiyo, yuleyule kocha wa Wakongomani anayepanga ratiba ya ligi yetu, yule mliyetaka kushikana mashati kwa ajili ya penalti, ukatuapisha tusimpe mkono. Alikaa pembeni yangu na sahani ya pilau. Akasema, "Ndugu Festo, pole sana. Mi nilijua. Aliniambiaka tangu mwezi wa kumi na moja. Juu ya ile dawa ya saratani, Jumapili hakuweza hata kusimama. Aliniomba tusogeze mechi, na nisiseme kwa watu yenu."

Alidhani ananifariji.

Ulimwambia yeye, Zuberi. Mtu uliyekuwa ukimwita mwizi wa penalti alijua unaumwa, akakutunzia siri, akakusogezea mechi. Mimi niliyekula vitumbua vyako ukanipa uwanja jiwe.

Na kazi yangu unaijua. Nawaogesha wazee wa watu, watu ambao wengine hawalijui hata jina langu. Najua kumgeuza mgonjwa kitandani asiumie. Najua kumlisha mtu ambaye mdomo wake umechubuliwa na dawa. Shemeji aliniambia mwishoni hata uji ulikuwa haupiti. Mimi ningejua la kufanya! Nilikuwa hapa kitandani, treni mbili tu kutoka kwako, nimejifunika blanketi, kwa sababu uliniambia nirudi kulala.

Shemeji nilimuuliza kwa nini. Sikumkaripia, nilimuuliza tu. Alisema ulimwambia, "Festo akijua atakuja kuniogesha. Nataka abaki mtu wa kunicheka." Nimejaribu kuyapokea maneno hayo. Kuna siku yanaingia. Siku nyingi hayaingii. Ulinichagulia, hukuniuliza. Tena uongo wenyewe ukaupitisha kwenye simu yangu, mimi ndiye niliyekuwa nawatumia vijana. Walikuja kuniuliza, "Na wewe hukujua?" Hebu niambie ningewajibu nini. Nikisema sikujua, ni aibu. Nikisema nilijua, ni uongo wa pili.

Sasa mimi ndiye kocha. Sikuomba. Jana nilitoka na treni ya kwanza, nikakuta uwanja mweupe kutoka goli hadi goli, unasikika chini ya viatu. Nikawatumia ujumbe: uwanja umeganda, mechi imeahirishwa. Hakuna aliyejibu. Nikarudi nyumbani, na chai haijachemka nikasikia mlango unagongwa. Baraka, njumu zinaning'inia shingoni, na nyuma yake timu karibu nzima imejaa kwenye ngazi.

"Unaumwa nini?" akaniuliza.

"Siumwi. Uwanja umeganda."

"Kocha, hiyo tumeshaisikia."

Nikawaonyesha picha niliyoipiga. "Ya lini hiyo?" Mmoja amebeba machungwa, mwingine supu kwenye chupa. Baraka akanipima joto kwa mgongo wa kiganja, kama bibi. Wale waliozaliwa hapa wakaanza kuuliza kwa Kiingereza chao kama nimeshamwona daktari. Ilibidi nirukeruke sebuleni ndipo wakakaa, na hata hivyo hawakuondoka mpaka jioni, wamemaliza mchele wangu wote.

Nilicheka nao. Halafu, walipoondoka, nikakukasirikia upya, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Kuja mlangoni kwako, kukataa kuondoka. Ungenitukana, ungenifukuza, ningekaa kwenye ngazi. Hukunipa hata mlango wa kufungiwa.

Sijakusamehe, na sitaki kukudanganya kwamba nimekusamehe. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: siku nikiugua nitawaambia vijana mapema, wakiwa bado wanaweza kunifanyia kitu, hata kama ni kunicheka nikiwa kitandani. Na Shemeji na mwanao Rehema sitawaacha. Rehema anaelewa Kiswahili changu chote, ananijibu kwa Kiingereza, na hasira zake ni zako tupu.

Pumzika, ndugu yangu. Huko uliko, wakikuuliza habari zako za duniani, usinifiche tena. Nitaje na mimi.

Festo