Motokaa ya Mama Iliyovushwa Hadi Lamu

Mpendwa Bi Umulkheir,

Nisaidie, maana nimeshika kalamu mara nne nikaiweka chini kwa aibu. Mimi ni karani wa serikali, mtu wa Maragoli, na mwaka jana, 1961, nilihamishiwa Lamu, nami nyumbani ndimi kifungua mimba, kwa hiyo ufunguo wa motokaa ulikuwa kwangu, Moris kuukuu ambayo mimi na ndugu zangu tulichanga tukamnunulia mama ili awe anapelekwa hospitali Kisumu kila wiki, lakini barua ya uhamisho ilipofika nikaona itakuwaje karani mzima aingie kituo kipya kwa miguu kama mpagazi, nikamwambia mama nitairudisha Krismasi, naye akakubali.

Njia nzima watu waliniambia Lamu gari halina kazi, nikawaona wana wivu, kwa sababu kwetu bara mahali penye DC pana barabara hata kama ni ya matope, sikuwahi kusikia DC asiye na barabara. Nilipofika Mokowe, pale njia inapoishia baharini, wakanisihi niiache hapo, nikadhani wanataka kuiiba. Nahodha mmoja aitwaye Bwanamkuu alifunga mashua mbili pamoja, akalaza mbao juu yake, tukaipandisha, na tulipofika katikati ya maji akaniuliza kwa upole, "Bwana, gari hili utalipitisha ndia gani? Kwetu ni za watu na punda." Nikamjibu ashike usukani wake.

Bi, iliteremshwa forodhani mji mzima ukitazama, nikaiendesha mpaka mwanzo wa kichochoro cha kwanza, bampa ikagonga kuta zote mbili, na hapo ndipo safari yangu ilipokwisha.

Tangu siku hiyo imekaa ufuoni chini ya makuti, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Ningesema ukweli wakati ule mambo yangekuwa madogo. Badala yake nilivaa tai, nikaketi penye usukani, nikapigwa picha, nikaituma nyumbani nikiandika kwamba ndiyo inayonipeleka ofisini kila siku. Ndugu yangu Phineas alinijibu kwamba mama ameiweka picha ndani ya Biblia, akasema, "Sasa nitalala. Mwanangu hatembei kwa miguu." Krismasi ikafika, nikasingizia kazi. Juzi Phineas ameandika tena kwamba mama amezidiwa, wanampeleka kwa baiskeli, mmoja anasukuma na mwingine anamshika asianguke, nilete gari upesi. Nikakimbia ufuoni. Betri imekufa, kutu imekula milango, na nilipokanyaga breki mguu ulitoboa sakafu ukafika mchangani. Bwanamkuu anasema anaweza kuivusha kwenye bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, siku kumi na mbili kutoka leo, lakini yeye si fundi. Je, ningoje bamvua? Nitafute fundi Mombasa? Au niandike kwamba ilizama baharini, yaishe? Nijibu upesi gazetini, Bi.

Fanuel, Lamu


Bwana Fanuel,

Nilicheka nilipofika kwenye kuku, kisha nikaona haya kwa kucheka. Mamangu ni mtu wa Lamu. Kichochoro hicho nakijua, hata punda wawili hupishana kwa kuombana radhi.

Watu wote walikwambia. Bwanamkuu alikwambia kwa adabu, ukamjibu kwa ubwana. Hukudanganywa na mtu, ulijidanganya mwenyewe, ukapiga na picha. Na sasa unaniomba ruhusa ya kuizamisha motokaa kwa wino? Ruhusa hiyo sina.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umenieleza betri, kutu, sakafu, na kuku juu yake. Mama anaumwa nini? Hukuandika. Imebidi niulize mimi nisiyemjua.

Sikiliza basi. Gari hilo limekufa, usilingojee bamvua hata moja. Ukishasoma gazeti hili nenda posta, umpelekee Phineas simu ya maandishi: motokaa haiji, mpelekeni mama kwa gari lolote, leo. Kanisani kwenu hakukosi mtu mwenye lori. Ndugu zako hawajamwomba mtu kwa sababu wanakungoja wewe na picha yako. Huo ndio ubaya wa uongo wako, Bwana Fanuel, si kutu.

Kesho omba likizo. Panda mashua ya Bwanamkuu, na mkiwa majini umwombe radhi, kisha Mokowe ushike basi. Pole zangu unazo, lakini siwezi kukuahidi kwamba utamkuta mama ana nguvu za kukugombeza. Omba Mungu umkute nazo.

Na ukishuka kwenye basi huko kwenu, usikodi hata baiskeli. Ingia uani kwa mama yako kwa miguu, akuone.

Bi Umulkheir