Jina Litakalotajwa Jumamosi

Kaloleni,
Kisumu.
Jumapili, 15 Desemba 2024

Mpendwa Senge Nabututu, shangazi yangu,

Nisamehe, nitaanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, halafu ndipo nikusalimu. Kuna wimbo wa Krismasi ambao kikundi cha Mama kitauimba Jumamosi kwenye tamasha. Wote wanasema nimeutunga mimi. Sikuutunga. Ni ule ambao Kukhu, mama yako, aliuimba kila maiti ilipoletwa nyumbani.

Sasa hujambo, Senge? Mgongo wako je? Anko Griffin na watoto hawajambo? Rafiki yangu Ekta ananiambia huko Glasgow saa kumi jioni tayari ni giza, na bibi yake huvaa glavu hata ndani ya nyumba. Sisi tuko salama. Baba yuko Muhoroni na kazi ya miwa, atarudi mkesha wa Krismasi. Mimi nilimaliza mtihani wa Kidato cha Nne, na ninauza vitabu katika duka la kina Ekta nikingoja matokeo. Anasafiri Jumatano kumwona bibi yake, naye ndiye atakayekuletea barua hii. Simu ni ya Mama, na husoma kila kitu.

Mtihani ulipoisha, kesho yake Mama alinipeleka kwenye mazoezi yao katika ukumbi wa mtaa. Mwaka huu Mwalimu Waliaula, anayewafundisha, alitaka habari za kuzaliwa kwa Yesu ziimbwe kwa tuni za nyumbani, si zile za vitabuni. Akapita akimwuliza kila mtu ana tuni gani. Aliponifikia aibu ilinibana, ikanitoka ile ya Kukhu. Akaniuliza nimeitoa wapi, nikasema nimeitunga. Sijawahi kupigiwa makofi namna ile, Senge. Mama alilia.

Hakuna aliyeitambua. Mama hakuwahi kuisikia, maana niliyekwenda na Kukhu kwenye matanga ya majirani wakati wa likizo ni mimi, na alipokufa yeye hakuna aliyemwimbia.

Lakini wewe unaujua mwiko wake. Pale katikati mwimbishaji hunyamaza kidogo, kisha hutaja jina la marehemu. Kukhu alisema jina lisitajwe pale kama hakuna maiti, kwa sababu wimbo utamtafuta mwenye jina.

Mwimbishaji wetu ni Laban, na Laban hawezi kuona nafasi akaiacha tupu. Hutupia jina la mtu aliyepo ili afurahi. Jumanne ya kwanza alimtaja Mzee Mukhwana, mpiga ngoma wetu. Mzee aliinuka akacheza mabega, watu wakacheka. Jumatatu iliyofuata alikutwa amekufa kwenye kiti chake. Nilijiambia alikuwa mzee.

Tulipotoka mazishini tukarudi mazoezini, na Laban akamtaja Caren, anayeimba kando ya Mama. "Caren wa Migosi, punguza maringo," alimtupia, na Caren akamjibu kwamba maringo ni yake, hakuazima kwa mtu. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi aligongwa na pikipiki. Mpaka leo hajafumbua macho. Ana miaka ishirini na sita.

Jana Laban alisimama akasema jina la siku ya tamasha ameshalichagua. "Nitamwita aliyemzaa mtunzi. Terry, nunua viatu vipya, watu watakuangalia." Mama alijifunika uso kwa leso kama msichana. Tangu jana anaimba akipika, na akifika pale pa kunyamaza ananitazama na kutabasamu. Mimi hutoka nje.

Nilikwenda kwa Mwalimu nimwambie ukweli. Nikamkuta ameketi na mjane wa Mzee Mukhwana, wanapanga nani atapiga ngoma sasa. Mjane yule alinishika mkono akasema marehemu aliupenda sana wimbo wangu. Ningemwambia nini, Senge? Nilisalimia nikaondoka.

Leo baada ya kanisa nimemngoja Laban langoni, nikamwomba anitaje mimi badala ya Mama. Akacheka.

"Kumbe una sauti? Nilidhani wewe hata chumvi huwezi kuomba. Sasa unataka sifa?"

Nikasema ndiyo.

"Haya, mtunzi. Nitakuita mpaka Kondele wasikie."

Ameapa hatabadilisha tena.

Labda ni mambo yaliyokutana tu. Wewe ni muuguzi, umeona watu wakifa bila kuimbiwa na mtu. Kama unaona ni ujinga, niandikie hivyo, nitafurahi. Ila usiku silali.

Nisalimie Anko Griffin, na umwambie mwanao Wakhungu mdogo kwamba nimemhifadhia kitabu cha hadithi. Mungu awafunike katika baridi hiyo, akulinde njiani uendapo kazini na urudipo.

Mama atakutumia video. Ukisikia tuni utaijua papo hapo, na pale katikati utasikia jina langu. Nakuomba usimwambie Mama sababu. Wala Baba. Hata nikiugua, Senge, hata likiwa zaidi ya kuugua, mwache aamini nilitaka tu kusifiwa.

Mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda sana,

Emmaculate