Mvule Ulioning'inia

Jumamosi, 10 Machi 2018

Nimekwenda kuutazama mvule. Nimeuzunguka mara nne. Mkubwa! Watu watatu wakishikana mikono hawaufikii mzunguko wake. Shina limeegemea upande wa mto, lakini matawi mazito yote yako upande wa njia ya mashambani. Mti wa namna hii mwongo. Ukiamini shina, kichwa kinakuumbua.

Kusi alikuwa nami. Ni mume wa dada yangu, Adwoa Nyarko, na tumefanya kazi pamoja msituni mwaka wa sita huu. Mikono yake safi kazini. Mdomo ndio tatizo! Paa la kanisa lao liliondoka na upepo mwezi uliopita, naye akasimama mbele ya waumini akaahidi mbao kabla ya Pasaka. Nani alimtuma? Mwenyewe hajui.

Kasema tuuangushe Jumatatu. Nikamwambia Jumatatu tunakata kamba za msituni zilizoufunga juu na miti jirani. Usipozikata, mti unaanguka huku umeshikwa mkono na mwenzake. Akacheka. Eti nimezeeka, sasa naogopa hadi majani.

Nimeshakata miti mikubwa mia na kitu, na vidole vyote kumi ninavyo. Yeye tayari anavyo tisa.

Jumatatu, 12 Machi

Siku mbovu. Chensoo, msumeno wangu wa injini, imegoma kuwaka. Plagi. Nimeifungua, nimeisugua, nimeirudisha, bado. Imewaka saa nane, kichwa kinaniuma tayari. Kusi anatembea huku na huko, anapiga magugu kwa panga kama yamemkosea.

Kamba mbili tu ndizo tulizokata. Zilizobaki nene kama mkono na ziko juu sana.

Jioni Kusi akasema twende kwa Gyabaah tuazime winchi. Mti ukikwama, tunauvuta kwa waya tukiwa mbali. Wazo zuri. Nikasema hapana. Kwa nini? Hapana tu. Akasema: "Shemeji, wewe na huyo mzee mlikosana nini hasa? Kondoo alitoa yeye, siyo wewe!"

Nikaenda nyumbani. Nimekula fufu bila hamu.

Jumanne, 13 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hakuna kazi. Nimekaa, nimesimama, nimenoa mnyororo wa chensoo ambao ulikuwa umeshanolewa.

Nilikutana na Gyabaah kwa mama anayeuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi. Hakunisalimia. Alichukua zake mbili akaondoka, na yule mama akaangalia sufuria yake ili asiniangalie mimi.

Basi niandike, hapa hakuna mwingine anayesoma. Mwaka jana ni mimi niliyekwenda kwa Nana, mkuu wetu, nikasema Gyabaah ameingia msituni Alhamisi. Alhamisi ni siku ya Asase Yaa, ardhi inapumzika, hakuna panga wala jembe. Mtoto mdogo anajua. Gyabaah alikuwa amemfuata mbuzi wake. Wakamtoza kondoo na chupa mbili za pombe ya schnapps, na wakamwambia mara ya pili atahama kijiji.

Hakuna aliyeniuliza nilimwonaje. Hata mmoja! Mimi ndiye ninayeupa mti yai na kinywaji kabla haujakatwa, mimi ndiye ninayesema na ardhi kwa niaba ya wote. Nani angeniuliza?

Nilikuwa humo humo. Nilisahau chensoo kichakani Jumatano, mvua inakuja, nikaenda kuichukua kimyakimya. Nikamwona mgongo. Nikadhani naye kaniona. Nikawahi mimi kusema.

Kumbe hakuniona kabisa. Basi! Nimeandika. Sijisikii nafuu hata kidogo.

Jumatano, 14 Machi

 Niandike kwa utaratibu.

Ardhi ilikauka kufika saa sita. Kusi: twende. Nilipaswa kusema tungoje Ijumaa. Sikusema. Nilitaka mti huu uishe, nitoke kwenye njia ile ambayo Gyabaah anapita kila siku na macho yake. Nikavunja yai kwenye mzizi, nikamwaga kinywaji, nikasema maneno haraka haraka kama mtu anayedaiwa.

Tumeanza saa tisa. Nilisafisha njia mbili za kukimbilia, nyuma kwa mshazari, kushoto na kulia. Hilo nililifanya vizuri. Nikakata mdomo, lile pengo linaloonyesha mti pa kuangukia, upande wa njia, robo ya shina, safi, sakafu yake imelala sawa. Kisha mkato wa nyuma, juu kidogo ya sakafu ya mdomo. Ukishafungua mdomo huwezi kuuacha mti umesimama hadi kesho yake, na kesho Alhamisi. Kwa hiyo nikawa nakata huku naangalia jua. Nimewafokea wangapi kwa kosa hilo? Jua siyo la kuangaliwa. Unaangalia kichwa cha mti.

Niliacha bawaba, ule ubao mwembamba wa katikati unaouongoza mti, unene wa vidole vinne. Kusi akapiga kabari. Mti ukaguna. Tukakimbia kila mtu kwa njia yake.

Ukaanguka — nusu! Kamba za juu zikaushika, ukazunguka, ukalala kwenye mkangazi wa pembeni. Ukabaki hapo, unaning'inia juu ya njia. Kitako bado kimekaa kwenye kisiki kwa ubavu mmoja. Majani yalidondoka kwa muda mrefu.

Kusi akasema tukate mkangazi, mvule utashuka wenyewe. Nikamshika shati. Ndivyo watu wanavyokufa! Ukikata mti unaobeba mwenzake, umesimama chini ya miti miwili, na hujui upi utaanza. Mti uliokwama unauvuta kwa waya, ukiwa mbali, basi. Hakuna njia nyingine.

Tumezuia njia kwa matawi na kitambaa chekundu. Jua likazama. Nimekwenda kwa Nana. Akasema kesho hakuna atakayepita, Alhamisi ndiye mlinzi wako. Yeye mwenyewe anakwenda Goaso kwenye mazishi.

Kusi anasema Ijumaa alfajiri akina mama watapita na vikapu, kitambaa gani kitawazuia? Kweli. Nikamwambia Ijumaa mapema sana nitakwenda mwenyewe kwa Gyabaah, nitapiga magoti ikibidi. Akasema Mungu wake hajui Alhamisi. Nikamwapisha asiende. Akaapa, lakini huku anacheka.

Alhamisi, 15 Machi

Saa moja asubuhi. Kijiji kimya. Nimekwenda kuangalia chensoo ghalani. Ipo. Nimekaa. Nimesimama tena. 

Saa tatu. Adwoa kaja mbio, khanga mkononi. "Kaka, Kusi hayupo! Kaazima chensoo ya mchungaji!"

Saa tano na nusu. Niko chini ya miti. Siyo chini hasa, hatua ishirini pembeni, juu ya mlima kidogo, mahali ambapo hakuna kitu kinachoweza kunifikia kikianguka. Kusi ndiye aliye chini.

Nilipofika alikuwa ameshakata mkangazi karibu nusu. Chensoo imebanwa ndani. Mvule ukashuka kidogo, labda urefu wa mkono, na tawi moja kubwa likapinda likabana mguu wake kwenye shina la mkangazi. Mfupa uko sawa, anasema. Anachezesha vidole ndani ya buti. Lakini hatoki.

Alitaka nimpe panga alikate tawi. Nimemwambia: usiliguse! Tawi lililopinda vile ndilo linaloubeba mti sasa. Ukiligusa, litakurukia usoni kwanza, halafu mvule utakuja nyuma yake. Kwanza winchi iushike mvule kwa waya, iuvute upande wa mto, tawi lilegee. Ndipo mguu utoke. Ndipo tukate matawi, yale ya juu kwanza, tumesimama upande wa mlimani, shina liko kati yetu na tawi. Nimemweleza yote hayo kama ndiyo kwanza anaanza kazi. Akasema: "Shemeji, najua. Jana nilijua pia."

Adwoa amekwenda kumwita Gyabaah. Alikwenda analia.

Kusi ameniona natoa daftari. Akasema: "Andika tu. Ukinitazama hivyo ndiyo naogopa zaidi."

Naandika.

Saa saba. Adwoa amerudi peke yake. Gyabaah amefika na winchi, na wanaume sita, wako ukingoni mwa msitu, pale migomba inapoishia. Wamesimama. Hakuna anayevuka. Nana yuko Goaso, simu yake haipatikani, hakuna wa kuwapa ruhusa. Wale sita wanamtazama Gyabaah. Gyabaah ameikalia winchi.

Adwoa akasema amepewa maneno, na ameambiwa asiyabadilishe hata moja. Haya: "Mara ya kwanza kondoo. Mara ya pili nahama, na nina watoto saba. Mwambie kaka yako sikatai. Mwambie aniambie kitu kimoja tu, kwa mkono wake, nikisome mbele ya hawa. Mwaka jana aliniona akiwa wapi?"

Nikamwuliza Adwoa kama Gyabaah alikuwa na hasira. Akasema hapana. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Kumbe amelifikiria mwaka mzima. Mimi nilidhani hakuna aliyeuliza. Na nikisema, nani atanipa tena yai na chupa? Nitapita wapi? Wataanza kuhesabu kila mti niliousemea tangu nikiwa na miaka thelathini, na kila Alhamisi niliyowakemea watoto wao.

Upepo wa mchana unaanza juu. Mwezi huu ikifika saa tisa unavuma kwa nguvu.

Kusi alikuwa anatusikiliza. Kasema: "Kwani ulimwona wapi, shemeji?" Hakuwa na utani. Uso wake umekuwa wa majivu.

Nimesema nitaandika. Nimechana karatasi ya nyuma. Nimeandika: *Nilikuwa ndani ya msitu, Alhamisi ile, kwa ajili ya chensoo yangu. Ndiyo maana nilimwona. Gyabaah alifuata mbuzi, mimi nilifuata chuma. Nilisema yeye ili nisisemwe mimi. Anayeingia leo anaingia nyuma yangu, na adhabu yake iwe yangu. Twumasi.*

Adwoa alisoma akiwa amesimama.  Akaniangalia, akasema "Kaka..." na hakumaliza. Akakimbia.

Saa saba na robo. Adwoa amewafikia wale wanaume. Najua kwa sababu sauti zao zimekatika. Gyabaah husoma polepole, kidole chini ya neno.

Kusi anauliza niliandika nini. Nimemwambia. Akasema: "Basi sote wawili, shemeji." Akacheka, akaacha, kwa sababu kucheka kunautikisa mguu.

Bado kimya kule. Wamemaliza kusoma sasa, lazima wamemaliza. Ni mistari mitano tu. Hakuna anayetukana. Hakuna anayeita jina langu. Winchi ile ina mnyororo, ikiinuliwa inapiga kelele, kila mtu kijijini anaijua.

Upepo umeingia kwenye majani ya mvule.

Kusi anasema tawi limelia. Anasema mara ya pili: "Shemeji, limelia!"

Mimi sijalisikia. Nasikiliza upande wa migomba.